Mnyororo

Jumamosi, umande haujakauka,
Zuwena yuko mlangoni anapiga kengele
kana kwamba Wete nzima ni wanafunzi wangu waliochelewa.
"Toka, mwalimu! Jua halina adabu ya kungoja."
Mie bado natafuta pini,
nne za kubania buibui upande wa mnyororo,
moja ya akiba; kwani mwezi uliopita
pindo liliingia kwenye meno, nikarudi mjini
nusu mwanamke, nusu tambara.

Baiskeli yangu ilikuwa ya marehemu kaka,
fremu ya kiume, nzito kama deni.
Ya Zuwena ina kikapu, na ndani ya kikapu
chupa ya maji, vipande vinne vya mkate wa kumimina,
na redio isiyo betri
anayoibeba, anasema, kwa heshima yake.

Tukipita hospitali hageuki.
Wiki nzima amezalisha pale.
Leo, anasema, waje wenyewe.

Halafu lami inatuacha.
Sie hatukuiacha; iliishia penye daraja
kama mtu aliyekumbuka jambo nyumbani.
Njia nyekundu, mvua imeichimba mifereji,
tunafuata ule mstari mwembamba wa katikati
uliolainishwa na nyayo za waendao shamba.
Kulia muhogo, kushoto muhogo,
kisha ghafla karafuu,
majamvi hadi ukingoni mwa njia,
na harufu inayokwenda moja kwa moja
nyuma ya macho.
"Msitukanyagie!" anafoka mtoto mlinda kuku,
fimbo yake ndefu kumshinda.
Zuwena anapunguza mwendo, anainamisha kichwa:
"Shikamoo, bwana shamba."
Naye, uso mkavu: "Marahaba."

Tulicheka hata tukaupoteza mstari.

Sasa kilima.
Tuna sharti, tangu darasa la sita:
kilimani kila mtu na roho yake.
Hakuna kungojana, hakuna kugeuka nyuma.
Wa kwanza kufika anakalia jiwe la mpaka,
wa pili anasonya.
Miaka thelathini na nne msonyaji ni mie.

Leo nilifika jiweni, pako tupu.

Nikageuka.
Yuko nusu ya kilima, ameshuka,
baiskeli ameiegemeza kiunoni,
kiganja bapa kifuani,
kama anavyokiweka juu ya matumbo ya waja wazito
akisikiliza.
Aliponiona akainama upesi, akashika mnyororo.
"Umechomoka!" akapaza sauti. "Mashine mbovu hii!"

Nikateremka.
Mnyororo ulikuwa pale pale,
unang'aa mafuta,
kila pingili imekumbatia jino lake.
Nikapiga goti, nikaupapasa,
nikajipaka grisi vidole vyote kumi.
"Naam," nikasema, "umelegea. Tuuache upoe."

Mnyororo haupoi.
Mtoto wa darasa la pili anajua.

Tukakaa ukingoni tukala mkate,
alama za vidole vyangu nyeusi juu yake,
nikisubiri pumzi zake zirudi moja moja
kama kuku jioni.
Tangu lini, sikuuliza.
Wenzako kazini wanajua, sikuuliza.
Nilimuuliza kama iliki imezidi.
Akatafuna, akafikiri.
"Imezidi," akasema.

Tulimaliza kupanda kwa miguu, tukizisukuma,
bega kwa bega. Nani alitangulia
sikuangalia.
Jiwe tulilipita kama hatulijui.

Na Gando kule chini, mikoko, maji yametoka,
njia imejirusha kuelekea huko bila kufikiri.
Zuwena akapanda, akainua miguu yote miwili,
akaiachia.
Breki zake nazijua: hazipo tangu Mfungo Tatu.
Buibui limejaa upepo, kengele mfululizo,
kuku wa kijiji kizima wanakimbilia uani,
na sauti yake inanirudia vipande vipande,
"Mwalimu! Usini... usinisubiri..."

naye yuko mbele.